Mizinga ya Ndahani

Luka alisafiri kwenda pwani na kofia yake ya wavu, ile ya kurinia asali, na ndani ya treni Filipo hakumwacha apumzike.

"Unaogopa samaki watakung'ata?"

Luka aliipakata kofia. Hakuwa amepanda treni ile kwa ajili ya samaki, wala kwa ajili ya mkutano wa wafuga nyuki walikoalikwa. Alikuwa na jambo moja tu: kumlainisha Filipo. Alishauza shamba lake la Msalato, miti na vyote, akarudi Buigiri kwenye ukoo na mizinga yake imelala chini kama magunia. Miti iliyobaki ilikuwa ya msitu wa ukoo, na neno la mwisho juu ya msitu huo lilikuwa la Filipo, mkuu wa ukoo. Mvua zilikuwa zinakaribia. Nyuki wakianza kuhama hawamsubiri mtu amalize kikao. Akikosa mti msimu huu, kilichobaki ni kwenda Nkuhungu, Dodoma mjini, kulinda mageti ya watu, mtu mzima na mvi zake.

Na jibu la Filipo lilikuwa lile lile alilorithi kwa baba yake: kizazi cha mwizi wa mizinga hakitundiki mzinga kwenye msitu wetu.

Mwizi huyo alikuwa Ndahani, aliyemzaa babu yake Luka. Wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, njaa ikiwa imeikausha nchi yote ya Ugogo, mpita njia alileta habari kijijini: Ndahani kabeba mizinga, kaenda pwani. Hakuonekana tena. Watu walipoingia msituni wakakuta mizinga mingi imetoweka. Wakayashona mambo hayo mawili, wakapata mwizi. Tangu hapo, kila asali ikirinwa, wanawake waliimba, na siku hizi aliyeongoza ni shangazi yao, Dorkasi: Ndahani kabeba mzinga, mzinga mmoja watu ishirini, na asali haikudondoka. Watu wanacheka hadi wanashika mbavu kwa tamaa ya mtu huyo aliyejaza mzinga wa kubebwa na watu ishirini. Utotoni hata Luka alicheka, mpaka siku alipoelewa anayechekwa ni nani.

Joshua, baba yake Luka, alipofariki, baba yake Filipo alikataza maiti isiingie kwenye makaburi ya ukoo. Joshua akazikwa nje ya uzio wa minyaa, upande wa barabara, mahali mbuzi wanapopita kwenda kunywa maji.

Kwa hiyo Luka alivumilia. Alimnunulia Filipo chai, alimbebea begi, alicheka vichekesho vyake visivyochekesha.

Siku ya pili ya mkutano mwenyeji wao aliwafuata asubuhi. Aliitwa Mwanne, mama wa makamo aliyefuga nyuki kwenye mikoko, na mdomo wake haukujua likizo.

"Watu wa Dodoma, kabla ya chai twendeni nikawaoneshe mizinga ya zamani. Hapo tu. Hata aliyetoka kujifungua anafika."

Filipo alimwinamia Luka. "Mtu wa pwani akikutajia mzinga, shika mfuko wako."

"Nimekusikia, kaka," Mwanne alisema. "Nikupige mzinga wewe nipate nini, ubuyu?"

Wenzao wengine walikataa kuacha chapati za moto. Wakaondoka watatu. Kweli njia ilikuwa fupi na laini, mchanga ulioshikana, kushoto minazi, kulia vichaka vifupi na upepo wa chumvi. Luka aliangalia juu kama mfuga nyuki yeyote anavyoangalia. Hakuona nyuki hata mmoja hewani. Akajisemea kwamba mizinga ya zamani labda ina nyuki wavivu. Filipo naye, pamoja na mdomo wake wote, alikwisha kufunga vifungo vya shati hadi kooni na kuchomeka suruali ndani ya soksi.

Kilima kidogo, ukuta wa mawe ya matumbawe uliomeguka, handaki lililojaa nyasi, halafu bahari. Luka akavaa kofia yake, akashusha wavu usoni.

"Kaka, hiyo ya nini?"

"Nyuki."

"Nyuki wa wapi?"

"Wa kwenye mizinga."

Mwanne alimtazama, kisha akaushika ukuta kwa mikono miwili na kucheka mpaka mtandio ukamwanguka. Alipopata pumzi aliwanyooshea kidole. Juu ya ukuta, midomo imeelekea baharini, ilikuwepo mizinga mitatu ya chuma, mirefu, iliyoliwa na kutu.

"Ndiyo hiyo. Mkipata asali humo mniitie."

Filipo naye alicheka, akimpiga Luka mgongoni, kana kwamba si yeye mwenye soksi. Luka alicheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu wawe wavulana, na alifikiri: sasa amelainika, nimuombe sasa hivi.

"Ilikuwa minne," Mwanne aliendelea, akijifunga mtandio. "Mmoja waliung'oa wakati wa vita vya Mjerumani, wakaupeleka bara kupigania. Haukuwa na gari. Ulibebwa na watu. Wazee wetu wanasema mzinga mmoja watu ishirini, wakichoka wanapokewa, wakianguka wanarukwa."

Luka alikwishafungua mdomo kumwomba Filipo msitu. Akamgeukia Mwanne.

"Sema tena, mama."

"Nini?"

"Watu wangapi?"

"Ishirini, ndivyo tulivyoambiwa. Nilikuwepo mimi?"

"Watu wa wapi?"

"Wa bara. Walikamatwa njiani huko kwenu, wakafungwa kamba, wakaletwa. Njaa, homa, viboko. Wengi walifia hapa hapa, wamelala pale nyuma ya ukuta. Sisi tunapaita kwa wabeba mizinga."

Luka alivua kofia taratibu. Masikio yalikuwa yakimvuma kama ameingiza kichwa kwenye kundi la nyuki. Neno lenyewe hakuwa mgeni nalo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mara ngapi amesikia redioni mgeni wa taifa akipigiwa mizinga ishirini na moja? Alijua kuna mizinga inayolia. Lakini Ndahani alikuwa Mgogo wa Buigiri, na Mgogo wa Buigiri akitajiwa mzinga hafikirii chuma. Kigogo kina neno lake la mzinga wa nyuki, ila ule wimbo, ambao maneno mengine yote ni Kigogo, ulibaki na lile la Kiswahili, na katika watu wote wale waliouimba hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

"Filipo, mzinga wa nyuki unabebwa na watu wangapi?"

"Mmoja."

"Ukijaa asali?"

"Mmoja. Wawili kama ni wavivu."

"Ishirini?"

Filipo aliusogelea mzinga wa karibu, akauwekea bega, akausukuma. Akapanua miguu, akausukuma tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mzinga haukutoa hata mlio. Alirudi nyuma akipangusa kutu kwenye shati, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Basi tuseme ni hii," alisema. "Lakini mizinga ya msituni ilipotea. Hiyo nayo ililiwa na Mjerumani?"

"Kulikuwa na njaa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Ndahani alikuwa huku na kamba shingoni. Walibaki nani nyumbani?"

Walibaki kaka zake Ndahani. Aliyewatangulia kwa sauti, aliyesimama mbele ya ukoo na kulitamka neno mwizi, alikuwa babu mzaa baba yake Filipo. Luka hakulisema hilo. Aliliona likimfikia Filipo lenyewe, taratibu, kama mtu anayesoma kibao kutoka mbali. Filipo alikaa chini kwenye mchanga, mzito, bila kuangalia anapokaa.

Mwanne, ambaye hakujua lolote, alisogea pembeni na kuanza kung'oa nyasi zisizomhusu.

"Tundika," Filipo alisema. "Mti wowote unaoutaka. Msitu mzima."

Lilikuwa lile neno ambalo Luka alilipandia treni. Alilisubiri lifike moyoni, halikufika.

"Na baba aliyelala nje ya uzio?"

Filipo alitoa simu, akampigia mwenye wimbo. Shangazi Dorkasi alipopokea, sauti yake ilijaa mahali pote, maana Filipo aliiweka simu wazi ili Luka asikie.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mmeiona bahari? Ni kweli inanuka?"

"Shangazi, sikiliza." Akamweleza. Si mweleza mzuri, alirudia rudia, alichanganya, lakini alisema yote, pamoja na la babu yake. Alipomaliza walisikika kuku tu.

"Shangazi, upo?"

"Nipo. Nilikuwa naufikiria wimbo." Akakohoa. "Kumbe asali haikudondoka kwa sababu haikuwamo."

Filipo alifumba macho.

"Mimi niliuimba siku ya kumzika Joshua," Dorkasi alisema. "Mama yake Luka alinishika mkono, ninyamaze. Nikautoa mkono wangu. Luka anasikia?"

"Anasikia."

"Basi amesikia."

Upepo ulipita. Filipo alijikohoza kama anayetaka kutoa uamuzi barazani. "Shangazi, wewe ni shahidi. Nikifa msinipeleke ndani ya uzio. Nizikwe nje, pembeni ya Joshua."

"Usiniambie mimi," Dorkasi alijibu. "Pale mlimtupa mtu mkaondoka. Si pako pale. Mwenyewe huyo hapo mbele yako, muombe."

Simu ikakatika, au aliikata.

Filipo alimwinulia Luka uso. Luka hakuwahi kumwona kutoka juu namna ile. Hata utotoni Filipo alikuwa mrefu zaidi.

"Naomba, Luka."

Miaka yote Luka alikuwa na maneno ya siku hii. Aliyapanga akichonga mizinga, aliyapanga akipalilia kaburi la baba yake huku magari yakimtimulia vumbi. Aliyatafuta sasa, kifua kitupu.

"Nitakujibu Buigiri. Mbele ya watu wote, kama mlivyotujibu sisi."

"Sawa."

"Na unaweza kukataliwa."

"Najua."

Luka alizunguka ukuta. Nyuma yake aliisikia miguu ya Filipo ikifuata, haikujaribu kumpita. Huko nyuma palikuwa na vichuguu vya mchanga chini ya mikorosho, vingine vimebonyea, vingine vimezungushiwa vipande vya mawe, hakuna jina popote. Vilikuwa vingi kuliko alivyotegemea.

Filipo alisimama ubavuni kwake, suruali bado ndani ya soksi. "Lake ni lipi?"

Luka aliangalia kutoka mwanzo hadi mwisho, akavua viatu.

"Yote," alisema. "Piga magoti hapo hapo ulipo."