Pumzi ya Kwanza Kwenye Jedwali

Muuguzi alichungulia karakana ya hospitali kwa mara ya tatu asubuhi hiyo. "Fundi, ule mtambo vipi? Kichanga cha kitanda cha nne hakina wa kukihesabia pumzi ila mimi, na macho yangu yamechoka."

"Dakika kumi tu, dada," alisema fundi, akijua anamdanganya. Mtambo ulikuwa mezani, mzima, ila programu yake iligoma kuingia. Chipu ilibeba kilobaiti sitini na nne, faili lilikuwa na themanini. Alishafuta hata salamu za kwenye kioo cha mtambo, wapi!

Shangazi yake, aliyeandika programu tangu enzi za kompyuta kubwa kama kabati na ambaye fundi alimwita aje kumsaidia, alivuta kiti, akavaa miwani. Alisoma orodha ya kiunganishi, ile programu inayofunga vipande vyote kuwa faili moja.

"Hili jedwali la kuandikia pumzi lina nafasi elfu thelathini, yaani kama kilobaiti thelathini. Mbona limebebwa zima zima?"

"Ni sifuri tupu, Shangazi. Nafasi ya kwanza tu nimeweka moja, kioo kisianze kitupu."

"Basi hiyo moja ndiyo inayokutoa jasho." Shangazi alicheka mpaka miwani ikateleza. "Jedwali lisipopewa thamani yoyote, kiunganishi hakilibebi. Kinaandika ukubwa wake tu. Mtambo ukiwaka, nafasi zinatengwa kwenye kumbukumbu ya muda na kusafishwa ziwe sifuri. Ukiweka hata moja, kinalazimika kubeba na sifuri zote zilizobaki. Waliobuni hilo nawavulia kofia, mwanangu. Kumbukumbu yao ilikuwa kiduchu, wakakataa kubeba hewa."

Akainamia tena orodha. "Halafu moja ya nini? Mtoto kashapumua?"

Fundi aliona haya. Aliifuta ile moja, akaunganisha upya. Hamsini! Programu ikaingia bila ubishi. Miaka yote aliyoandika majedwali, hakuwahi kujiuliza sifuri zake zinakaa wapi, na sasa aliipenda ile hamsini kama kitu alichotengenezewa na mtu mwema asiyemjua.

Wodini, muuguzi alibandika waya kwenye kifua cha kichanga, akakitazama kioo na kushtuka. "Mbona sifuri?"

"Subiri, dada," alisema fundi.

Kifua kidogo kikapanda, kikashuka. Kioo kikaandika moja.