Familia Imethibitisha

Kwa haraka sina mpinzani, na siku hizo nilijisifia kwa hilo. Redio yetu hapa Ifakara ina watangazaji watatu, na kila mmoja anataka habari ianze kwake. Basi asubuhi ile nilipoona ujumbe wa katibu wa kwaya ya Namawala, "Mwalimu wetu Kelestini hatunaye tena, inauma sana," sikungoja hata chai ipoe. Saa moja kamili nilikuwa hewani natangaza msiba. Na kwa kuwa tangazo la kifo lisilo na uthibitisho halina uzito, nikaongeza la kwangu: "Familia imethibitisha."

Sikumpigia simu mtu yeyote. Nasema mapema ili usije ukanihurumia.

Saa tano marehemu aliingia ofisini.

"Shikamoo," nikasema. Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Marahaba," akajibu marehemu, akavuta kiti.

Kumbe mzee alikuwa amehamia kwaya ya Mang'ula. Siku za wiki anafundisha nyimbo huko, Jumamosi anarudi kwa mkewe Namawala. "Hatunaye tena" ya katibu ilikuwa ya kunyang'anywa mwalimu tu.

"Kufa sijali, mwanangu," alisema. "Nimesifiwa hadi na watu wa sauti ya nne, ambao hawajawahi kunisikiliza. Tatizo ni mke wangu, Bibiana. Nimempigia kumwambia kuwa mimi ni mzima. Kanijibu, 'Uzima wako nausikia. Ila mimi redio haijaniuliza kitu. Hiyo familia iliyothibitisha ni ipi? Ya huko Mang'ula?' Akakata simu."

Nilitaka kucheka, nikaona anapiga tena namba ya mkewe, haipokelewi. Wameoana miaka thelathini na minne.

Lukelo, mhariri wetu, akashauri tuseme chanzo chetu kilitupotosha. Ilikuwa njia rahisi. Katibu angebeba lawama, nami ningebaki na kipindi cha asubuhi ninachokipenda kuliko kula.

"Hapo mimi nitakuwa nimefufuka," mzee akasema taratibu, "lakini ile familia bado ipo."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaingia studio, nikafungua kipaza sauti.

"Naitwa Agnella. Mzee Kelestini yu hai, tuko naye hapa. Asubuhi nilisema familia imethibitisha. Nilidanganya. Sikumpigia mtu yeyote, si Namawala wala Mang'ula. Katibu wa kwaya hana kosa. Mama Bibiana, nakuomba radhi."

Nilitaka kuongeza kwamba mzee hana familia nyingine, nikajizuia. Hilo nalo sikuwa nimelithibitisha.

Lukelo alininyang'anya kipindi kwa mwezi mzima, na alikuwa na haki. Bado nilikuwa nakusanya karatasi zangu simu ya studio ilipolia.

"Mwambieni huyo marehemu arudi nyumbani," sauti ya mama mmoja ilisema. "Majirani wameshapika wali wa msiba sufuria mbili. Nani ataumaliza?"

Mzee Kelestini alikuwa mlangoni tayari, kofia ya pikipiki kichwani, anacheka na machozi yanamtoka.

"Shikamoo mama," nikasema. "Unaniruhusu nilitangaze hilo?"

Nikamsikia akicheka.

"Marahaba. Tangaza, mwanangu. Na safari hii sema familia imethibitisha."