Barua Iliyoingia Chini ya Sakafu

Maneno yenyewe yalikuwa machache. Mama aliyasikia kwa fundi cherehani, akisubiri sketi yake ipunguzwe kiuno: eti yule binti anayesaga mawe kule kwenye taasisi ya miamba, siku hizi moto unamkimbia. Alicheka na wenzake, akachukua sketi, akaondoka. Lakini maneno yalimganda njia nzima, kwa sababu msaga mawe huyo alikuwa bintiye, na wiki hiyo jiko lilikuwa limezimika mara nne, kila mara binti alipoingia kuuliza kama chakula kimeiva.

Jioni alimjaribu.

"Kokoto, hebu njoo ukoroge hapa."

Kokoto ni jina alilopewa na wadogo zake. Akainama juu ya sufuria. Moto ukalala, ukafifia, ukazimika.

"Mafuta yameisha?"

"Yapo. Sogea kidogo tu."

Binti akasogea, mama akawasha tena.

Akiwa amesimama mlangoni, binti akaeleza. Mawe anayosaga zamani yalikuwa tope la chini ya bahari. Mwamba wa bahari huteleza chini ya mwamba wa nchi kavu, polepole, mwendo wa kucha kuota, na tope huenda nao. Huko chini kuna joto na uzito, jiwe linakamuliwa kama nguo. Maji yanatoka, yanapanda juu yakiwa yamebeba hewa inayoitwa naitrojeni, na baadhi ya hewa hiyo huja kutokea kwenye milima ya volkano. Lakini si yote. Nyingine hung'ang'ania ndani ya jiwe na kushuka nalo zaidi. Kazi yake ni kupima hiyo iliyobaki: analisaga jiwe, analichoma, hewa inatoka.

"Ikitoka inaenda wapi?"

"Ilitakiwa ivutwe na feni."

"Na feni?"

"Imekufa, Mama. Hewa inabaki nami humo chumbani. Nimeandika barua."

Mama aliishia darasa la saba, ila feni anaijua. Asubuhi alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kwa mkuu wa taasisi.

Ofisini kwa mkuu kulikuwa na ufa sakafuni, kushoto kwa meza. Vigae vya upande mmoja vilikuwa vinateleza chini ya vigae vya upande wa pili, mwendo uleule wa kucha, na barua zote zinazoingia ziliwekwa hapohapo. Barua ya binti ilikuwa imelala pale tangu mwaka juzi. Kichwa cha barua kilikuwa kimeshazama. Mstari unaosema "naomba feni" ulikuwa umefika ukingoni.

"Si uivute tu, baba?" mama akauliza.

"Iko kwenye mchakato, mama yangu. Ukiivuta itachanika, halafu tuanze upya."

Mkuu akainua mguu, akauruka ufa, akaenda kufungua dirisha lake apate upepo.

Mama akateremka chumba cha kusagia mawe, chini ya ofisi hiyo. Ukuta ulikuwa unatoa jasho, na jasho lilikuwa na wino. Aliusoma kwa kidole, neno moja moja: naomba feni, kichwa kinauma, nasinzia mchana. Mwandiko ulikuwa wa msagaji wa zamani, aliyeitwa Vumbi. Vumbi alikaa kwenye kigoda chake alasiri moja, na wenzake wakatembea kwa kunyata wasimwamshe, mpaka saa ya kufunga milango, walipomkuta ameshapoa.

Mkuu aliitwa. Akasoma ukuta, akatikisa kichwa kukubali.

"Ni mwandiko wake kabisa. Sahihi iko wapi? Na tarehe?"

Hazikuwapo. Hizo zilikuwa zimeshuka zaidi.

"Lalamiko lisilo na sahihi halishughulikiwi, mama." Akaagiza ndoo.

Mama akachovya kidole kwenye maji ya wino. Akaandika ukutani jina la Vumbi, akaandika la bintiye, akaweka na tarehe. Ukuta ukayanywa yote. Saa nane mchana ulikuwa mkavu, na mkuu akaandika kwenye daftari lake kwamba tatizo la unyevu limekwisha.

Binti anaendelea na kazi. Siku hizi anakula nje, mbali na jiko, na wadogo zake wamezoea kumpelekea sahani. Mama amechana karatasi ya daftari na kuibandika nyuma ya mlango, wasome wote wanaotoka:

Usisage mawe mlango ukiwa umefungwa.

Usisubiri harufu. Hewa hiyo haina harufu, haina rangi, wala haikabi koo. Inachukua tu nafasi ya hewa ya kupumua.

Usimpite mtu aliyesinzia kwenye kigoda ukasema amechoka.

Usiweke barua kushoto kwa meza ya mkuu.

Usikubali kuambiwa subiri na mtu mwenye dirisha.

Kokoto, usiende kesho.

Ukienda, usikae chini.