Ukurasa wa Siku ya Nne

Keki tatu zilikuwa mezani ndani ya sinagogi, upande wa nyuma, na Ovadia, mtunzaji wa nyumba ile ya sala, alizipitia kila baada ya dakika chache kama mtu anayeaga ndugu. Ilikuwa asubuhi ya kuamkia Pasaka. Ikigonga saa tatu na robo, hakuna mtu katika mji mzima wa Petah Tikva ambaye angetia tena chachu kinywani. Masalio yote yangetupwa motoni, na pipa la kuchomea lilikwisha kuwashwa uani.

Wanaume kumi na mmoja walikuwa wakingoja, wote wazaliwa wa kwanza. Mzaliwa wa kwanza hufunga siku hiyo, ila akihudhuria kuhitimishwa kwa kimoja cha vitabu vya Talmudi, mkusanyo wa sheria na mijadala ya marabi, furaha ya hitimisho humfungulia na anaruhusiwa kula. Mwaka huu mhitimishaji alikuwa Gedalya, fundi saa mstaafu, aliyekuwa ameiacha kwa makusudi mistari mitano ya mwisho ya kitabu cha Sabato aje kuimalizia mbele yao. Yeye alizaliwa wa pili. Ale au asile, hilo halikumhusu. Hawa kumi na mmoja ndio waliotegemea kinywa chake.

"Soma, bwana," alisema Kalman, mfamasia, mwenzake wa kusoma ukurasa mmoja kila siku. "Tumbo langu limeshaanza kusoma peke yake."

Watu wakacheka. Gedalya akafungua kitabu.

Kila ukurasa aliousoma aliutia nukta ya penseli pembeni chini, ndogo kama mbegu ya tini. Ukurasa mmoja tu haukuwa na nukta. Mwanzoni mwa majira ya baridi binti yake Tirtza alifariki akijifungua, mtoto akapona. Gedalya akakaa chini siku saba za matanga, na mfiwa haruhusiwi kufungua Talmudi siku hizo. Alipoinuka, kurasa saba zilikuwa zikimngoja. Sita alizifidia. Ule wa siku ya nne aliufungua, akaona unaanza na wanawake wafao kwa uzazi kwa sababu ya makosa matatu, mojawapo likiwa uzembe wa kuwasha taa za Sabato kabla ya jua la Ijumaa kuzama. Akaufunga.

"Umezisoma zote?" Kalman alimuuliza wakati ule.

"Zote," alijibu.

Sasa aliweka kiganja juu ya ile mistari mitano. "Kalman," alisema kwa sauti ya chini, "msile."

"Nini tena?"

"Sijakimaliza kitabu. Kuna ukurasa mmoja sijausoma. Nilikudanganya."

Kalman akakichukua kile kitabu na kukifunua nyuma, taratibu, akizifuata nukta kwa kidole mpaka alipofika mahali pasipo nukta. Akasoma mstari wa kwanza. Uso wake ulibadilika.

"Siku ile mimi niliusoma," alisema. "Nikajiambia, maskini, huu atausoma vipi? Halafu nikaja kukuuliza kama naulizia dawa rafuni. Na nilipoambiwa 'zote', nilishusha pumzi, maana niliepuka kuujadili na wewe."

"Usijitie kwenye dhambi yangu."

"Nakwambia nilichofanya. Sogea."

Ovadia akaja. "Wazee wangu, keki ya mke wangu imebakiwa na saa moja na dakika ishirini za kuishi duniani. Kuna shida?"

"Kuna ukurasa," alisema Kalman. "Tunausoma sasa. Asiyeweza kungoja aende akafunge nyumbani."

Hakuna aliyeondoka. Wawili walinung'unika kidogo, kisha wakavuta viti.

Walisoma kama kawaida yao, mmoja akitamka, mwingine akiuliza. Kwa nini saa ya kujifungua? Ukurasa ukajibu kwamba katika saa ya hatari mtu hukaguliwa. Na wanaume hukaguliwa lini? Wakivuka daraja.

"Nimevuka madaraja mangapi mimi," alisema Kalman, "nikiwa na dhambi mfukoni? Na niko hapa nadai keki."

"Kwa hiyo ukurasa unasema uongo?" aliuliza Gedalya.

"Sijasema hivyo."

"Basi Tirtza alikosa nini? Jibu moja tu, Kalman. Ama ukurasa ni kweli, ama mwanangu hakuwa na kosa."

Kalman aligeuza ukurasa, akaurudisha. "Sijui," alisema hatimaye. "Miaka thelathini nasoma, na hapa sijui."

Walipofika penye taa za Sabato sauti ya Gedalya ilikatika. Kalman akausoma mstari ule badala yake.

"Ijumaa ya mwisho," alisema Gedalya, macho kitabuni, "nilimpigia simu jua likikaribia kuzama. Alikuwa hajawasha. Alikuwa mzito, miguu imevimba. Nikamfokea. Akaniambia, 'Nawasha, Baba, nawasha,' akakata simu. Hatukuzungumza tena. Sikuukimbia ukurasa kwa sababu siuamini. Niliogopa kwamba nauamini. Niliogopa nitamwona yeye humu, na anayemshtaki ni mimi."

Ovadia alitazama saa ya ukutani, akazibeba keki zote tatu kwa mikono yake mwenyewe, akatoka nazo uani. Harufu ya sukari iliyoungua ikaingia dirishani.

Ukurasa uliisha. Ndipo Gedalya akasoma ile mistari mitano, kisha maneno ya kukiaga kitabu: tutakurudia, nawe utaturudia, hatutakusahau, nawe hutatusahau. Alipofika kwenye "tutakurudia" alisimama kidogo, akalitamka tena.

Ovadia alirudi na kapu la machungwa. Watu wakala wima, maji ya machungwa yakiwatiririka mikononi. Kalman alimenya moja, akampa Gedalya nusu.

"Leo niache nifunge," alisema Gedalya.

"Wewe ni wa pili kuzaliwa. Hujaitwa kufunga."

"Walingoja kwa ajili ya uongo wangu. Keki zimeungua."

"Zimeungua. Na wewe utaongeza mfungo ambao hakuna aliyekuomba?"

Gedalya alitia kipande kimoja kinywani. Kilikuwa kichungu kidogo karibu na mbegu. Penseli ilikuwa mfukoni mwake, na ukurasa wa siku ya nne bado haukuwa na nukta. Aliigusa, akaiacha hapo hapo, akaendelea kutafuna.