Mbuzi Aliyetapika Mkeka

Bwana Himid alikuja Wete kutoka Unguja, mwaka ule wa sitini, kwa jambo moja tu: kutazama kama kitabu changu chafaa kupigwa chapa. Alikuwa mtu wa mambo ya vitabu, mpole, lakini sharti lake lilikuwa gumu.

"Kitabu hiki hakina maneno," alisema. "Basi na sisi tusiwatilie watoto maneno. Wapewe, tunyamaze. Wakipata hadithi kwa picha tupu, nakichukua leo. Wasipopata, Bi Mwanapili, utaniwia radhi."

Nikaitikia sawa. Kitabu kile nilikichora mwenyewe kwa kalamu za rangi alizonipa Bi Mwanawema. Yeye hufundisha watoto wadogo barazani kwake hapa mtaani Jadida, nami humsaidia. Tulikuwa nacho kitabu kimoja cha picha kilichotoka ng'ambo, kizuri, karatasi zang'ara, ila ndani mna mbwa kalala kitandani pamoja na mtoto. Kila tukifika pale somo huvunjika. "Kitanda kile chenye najisi ya mbwa watakitoharisha vipi?" huuliza Moza, mmoja wa watoto wale, na wenziwe hudakia, huyu ataka maji, huyu ataka udongo, mpaka jua likapanda. Ndipo nikasema, ngoja na miye nijaribu.

Hadithi yangu ilikuwa nyepesi. Bibi ana miyaa. Asuka ukili. Ashona mkeka. Autandika uani, autazama. Mbuzi aja, autafuna. Bibi amfukuza kwa mwiko. Mwisho mbuzi kalala, tumbo kama ngoma, na Bibi kajishika kichwa. Nilikaa sana uani kwetu nikimtazama mbuzi anavyotafuna, taya likienda upande, mpaka mama akaniuliza kama ndiye mchumba niliyemtaka.

Watoto walikuwa ndio kwanza watoke chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, juzuu bado makwapani. Bwana Himid akakiweka kitabu katikati ya jamvi. Jalada lilikuwa karatasi ya kaki tupu, mbele na nyuma. Shaame, ambaye huwa wa kwanza kwa kila kitu hata kwa kupigwa, akakivuta kwake, akakigeuza mshono ukae kulia kama wa juzuu yake, akafunua.

Nikaziba mdomo kwa mkono. Wale hawajatia mguu skuli. Kile cha ng'ambo huwafunulia sisi; kitabu wanachokifunua wenyewe ni cha chuoni, nacho huanzia kulia. Na miye niliyesomea chuo kile kile sikulifikiri hilo hata kidogo! Kaanzia mwisho. Nikamtazama Bi Mwanawema, akanikata jicho. Nyamaza.

"Mbuzi mgonjwa," alisema Shaame. "Tumbo limemvimba. Bibi yake alia."

"Halii, anafikiri," alisema Moza.

"Weye wamjua?"

"Funua, usitukawize!"

Akafunua. Bibi ana mwiko juu, mbuzi mbio.

"Dawa hiyo!" Shaame akapiga jamvi. "Kamtilia dawa kwenye mwiko, mbuzi hataki kunywa."

"Kama weye na mafuta ya nyonyo," alisema Moza, na baraza zima likacheka. Bwana Himid aliinama akajifanya anafunga kiatu.

Wakafunua tena. Mbuzi, na nusu ya mkeka mdomoni.

Nikajua ndipo watakapokwama, na kitabu changu kitarudi kabatini. Moza aliinama karibu, pua yagusa karatasi.

"Anatapika," alisema polepole. "Anautapika mkeka!"

"Lo! Ndio maana tumbo!"

Basi hapo hawakushikika. Mkeka ukatoka wote, mzima, mbuzi kasimama kapona. Picha ya Bibi na sindano wakasema anaufumua. Ile ya ukili, bado anafumua. Kwa nini? "Una mate ya mbuzi," alisema Shaame, kama kwamba mkubwa mzima angepaswa kulijua hilo. Na miyaa ikarudi mafungu, Bibi kakaa kitako, kaburudika.

Bwana Himid akafuta macho. "Bi Mwanapili, hii ndiyo hadithi uliyochora?"

Ningeweza kuitika, ila nikasema kweli. "Siyo, Bwana. Wameanzia nyuma. Miye nimechora mbuzi mwizi."

Bwana Himid akakichukua, akakigeuza, akawafunulia upande wangu, picha kwa picha. Watoto wakatazama mpaka mwisho, tumbo likavimba, Bibi akajishika kichwa. Hakucheka hata mmoja.

"Keshapona," alisema Moza kwa uchungu, "nanyi mwamrudisha mgonjwa?"

"Yakhe, haya basi," alisema Bwana Himid, akanigeukia. "Nilitaka kujua kama picha zasema. Zasema mara mbili. Nakichukua. Nilikuwa nitie namba waanzie kushoto, ila sasa naogopa kesi ya mbuzi. Nitilie picha kwenye majalada yote mawili, kila mtu aingie kwa mlango wake. Waweza sasa hivi? Gari yangu ya kwenda Chake haikai."

Nikakaa jamvini na kalamu zangu. Kwenye jalada la waanziao kushoto nikatia miyaa. Kwenye la waanziao kulia nikaanza mbuzi, na vichwa vyote vikaniinamia hata mwanga ukapotea.

"Da Pili, zidisha tumbo," alisema Shaame. "Huyo mbona kama mzima?"

Nikazidisha.