Maji ya Kondoa Yalipofika Bahi

Siku ile jua la Bahi liliwaka vizuri, na Hilda alikuwa akianika mpunga kwenye turubai, simu ilipoita. Alikuwa Munira wa Kondoa, rafiki yake tangu enzi walipouza vitunguu pamoja mnadani.

"Hilda, huku mvua siku ya tatu haijakatika. Milima yote inatiririka, Mto Bubu umefurika. Hameni!"

"Mbona huku hata wingu hatuna?"

"Wingu la nini? Maji yana miguu yao."

Hilda akamkumbuka marehemu mumewe, Stanley. Mwaka ule wa El Niño, Stanley alishuka mtoni akakuta maji mekundu yamebeba mabua ya mahindi. Hakungoja. Alimbeba mama yake mgongoni hadi kwenye tuta la reli, akimtania njia nzima ili mama asiogope. Mpaka leo Hilda alikuwa akikisikia kile kicheko cha mama mkwe.

Akashuka mtoni. Povu, mabua, maji mekundu.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Jirani yake Geofrey, aliyehamia juzi tu, alitabasamu. "Shikamoo, bibi. Tuhame na jua lote hili?"

"Marahaba. Jua ni la huku, maji ni ya kule. Fungua mbuzi wako!"

Alivyolisema lile neno, Geofrey akaenda moja kwa moja kufungua mbuzi. Alasiri watu wote wa mtoni walikuwa juu ya tuta na mifugo yao. Maji yalikuja kimya yakitandaa, yakameza majaruba ya mpunga, kisha yakaingia uani kwa Hilda. Nyumba ya tofali za udongo ilisimama kidogo, ikalainika, ikakaa chini.

Mpunga hakuulilia. Aliulilia ukuta wa sebuleni, ambao Stanley aliuchora kwa mkaa kila Krismasi, kupima urefu wa watoto.

Baada ya wiki tatu binti yake, Ruthu, alikuja kumchukua ampeleke Dodoma mjini.

"Mjini nitalima wapi?" Hilda alimuuliza. "Nitajenga kule juu, karibu na kanisa. Geofrey na wenzake wameshaanza kunifyatulia tofali."

Ruthu akaenda kuwasha moto. Mchana ule walikula ugali kwa kambale, aliyevuliwa kwenye dimbwi pale pale lilipokuwa jiko.