Siku Kumi na Nne za Bweni la Tausi

1

TANGAZO KWA WAKAAZI WOTE WA KITUO CHA KARANTINI
(limebandikwa mlangoni mwa Bweni la Tausi, katika shule ya wasichana ambayo wasichana wake wamerudishwa makwao)

Kila mkaazi atakaa kituoni siku kumi na nne.
Barakoa ivaliwe wakati wote, ifunike pua, mdomo na kidevu.
Joto la mwili litapimwa kila siku saa mbili asubuhi, mlangoni.
Endapo mkaazi mmoja ataonyesha dalili za ugonjwa, au kuthibitishwa kuwa nao, siku kumi na nne za bweni zima zitaanza kuhesabiwa upya.
Ushirikiano wenu utathaminiwa.


1

Naitwa Dama. Kosa langu ni kupuliza moto.

Nauza mahamri na mbaazi nyuma ya soko. Asubuhi hiyo makaa yalikuwa na unyevu na kipepeo changu kilikuwa kimevunjika mpini, basi nikashusha barakoa hadi kidevuni, nikainama, nikapuliza. Hebu nawe jaribu kupuliza jiko na kitambaa mdomoni, uone kama litawaka. Nilipoinua kichwa niliona viatu vyeusi vimeng'arishwa.

"Mama, barakoa iko wapi?"

"Hii hapa, afande."

"Hapo ni kidevuni."

Nikamwambia nina mtoto wa miezi mitano, Kahindi, yuko kwa wifi yangu, amenyonya alfajiri na saa tatu atanitaka. Akasema nitayaeleza huko mbele. Huko mbele ndiko huku. Baba yake Kahindi ni dereva wa lori, naye amekwama mpakani na shehena ya vitunguu. Nyumba nzima tumefungiwa, kila mtu na kufuli lake.


2

YALIYOSIKIKA BWENINI, TAA ZIKIWA BADO HAZIJAZIMWA
(Swali: wewe wamekushikia nini?)

Kitanda cha 1, Mama Pendo: Nilikuwa nakula muhogo. Sasa muhogo unaliwa kwa sikio?

Kitanda cha 2, Saumu wa saluni: Niliivua nipakwe poda.

Kitanda cha 3: Mimi nilikuwa nayo. Mkobani.

Kitanda cha 4: Nilikuwa kwa simu. Mama ni mzee, hanisikii nikiivaa.

Kitanda cha 5, mimi: Moto.

Kitanda cha 6: (amejifunika shuka)

Kitanda cha 7, Bi Mwaka: Natoka kumzika kakangu. Tuliruhusiwa watu kumi na watano. Wakahesabu, wakatupata kumi na sita. Wa kumi na sita ndiye mimi, dada yake.

Hakuna aliyecheka tena baada ya hapo.


4

Siku ya nne maziwa yalinitia homa, ikaja jioni na kuondoka kabla ya kipimo cha asubuhi. Matiti yalikuwa mawe, na gauni limelowa hadi tumboni. Nililia kwa hasira, si kwa maumivu peke yake. Bi Mwaka akashuka kitandani kwake, mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, ana kilemba cha leso. Akaloweka leso maji ya moto ya chai, akanikanda, akanifundisha kukamua kwenye kikombe.

"Titi ni kisima, mwanangu. Lisipotekwa hujifukia. Kamua asubuhi, kamua jioni, kama vile yuko."

"Halafu nayapeleka wapi?"

"Usiyamwage chini yakalambwa na sisimizi. Njoo."

Nyuma ya bweni, karibu na mfereji, kuna mpapai. Akaniambia niyamwage shinani pake, maana mpapai nao una maziwa yake, utanitunzia yangu. Sijui kama ni kweli. Najua nilifanya hivyo kila siku, mara mbili, na maziwa hayakukauka. Kila nilipoukumbuka mpapai ule nilimkumbuka Bi Mwaka, na bado hivyo.


6

UJUMBE WA SAUTI, KUTOKA KWA WIFI KACHE

"Wifi, hujambo. Huku hatujambo. Chupa ameikataa, ananitazama kama nimemwibia. Uji anakunywa kijiko, anatema viwili. Jana amelia mpaka akapwelewa na sauti. Lakini sikwambii hivyo upate wasiwasi. Siku nane ni nini? Siku nane ni kufumba na"


9

KUMBUKUMBU: BWENI LA TAUSI

Mkaazi wa kitanda na. 2 amethibitishwa kuwa na maambukizi na amehamishwa leo saa nne asubuhi. Godoro limeondolewa. Bweni limenyunyiziwa dawa. Kwa mujibu wa utaratibu, hesabu ya siku kwa wakaazi waliosalia imerejeshwa mwanzo.


1

Moja.


1

Sasa tunasema sisi, bweni zima.

Sisi hatukumchukia Saumu. Tunalisema hili mapema ili lisitusute. Tulimwonea huruma akipelekwa na mkoba wake wa poda, tukampungia mikono dirishani. Halafu tukarudi vitandani, tukahesabu kwa vidole, na kila mmoja alipofika kumi na nne alivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Mama Pendo akasema, "Siku tisa zimekwenda na maji." Yule wa kitanda cha sita akajifunua shuka kwa mara ya kwanza, akasema jambo ambalo sote tulikuwa tunalifikiria: kama Saumu angekohoa kimya kimya, leo tungekuwa tumebakisha siku tano.

Tulimkemea. Tulimkemea kwa sauti ndogo.


3

MLINZI WA GETI, BWANA MWADIME, AKIZUNGUMZA NA MKEWE KWA SIMU

"Sijui lini. Nami nimefungiwa nao humu, sina tofauti. Hapana, siwakaribii, nakaa kibandani huku getini. Siwajui sura. Nawajua macho. Kuna mmoja mwenye macho ya kulia, huyo huenda nyuma kwa mpapai na kikombe, asubuhi na jioni. Sijui anaabudu nini. Eeh. Wape salamu watoto. Waambie baba anakula vizuri."


7

Bi Mwaka amekohoa.

Mara moja, ile ya kusafisha koo. Akasema ni vumbi la dawa waliyonyunyizia. Sote tukasema naam, ni vumbi. Mama Pendo akaongeza kwamba hata yeye vumbi hilo linamkera. Hajakohoa hata mara moja.


8

Mara ya pili, ya tatu, ya kumi.


8

YALIYOKUBALIWA BWENINI, HAYAKUANDIKWA POPOTE

Hapa hakuna mtu anayekohoa.
Akikohoa, Mama Pendo ataanzisha wimbo, na wote tutaitikia kwa nguvu.
Kabla ya saa mbili kila mmoja atalowesha paji la uso kwa leso ya maji ya mfereji, siyo yeye peke yake, ili tufanane.
Chakula chake kitaletwa kitandani na jirani yake. Jirani yake wa mkabala ni mimi.
Atakayefungua mdomo


9

Kuna wakati nilidhani tunafanya wema. Ukimtazama mtu mzima anakandwa paji la uso kwa zamu na wanawake watano, wawili wanaimba, mmoja anampepea kwa kifuniko cha ndoo, utasema hawa wanapendana. Tulipendana kweli. Ila kila aliyemkanda alikuwa anakanda na siku zake pia. Nami nilikuwa nakanda na Kahindi.


10

JOTO LA MWILI, SAA MBILI ASUBUHI

Kitanda 1: 34.1
Kitanda 3: 33.9
Kitanda 4: 34.0
Kitanda 5: 34.2
Kitanda 6: 33.8
Kitanda 7: 35.6

Maoni ya afisa wa afya: Wakaazi wote hawana homa. Joto liko chini kuliko kawaida kwa bweni zima. Napendekeza kipimajoto kibadilishwe betri.


11

MLINZI WA GETI, AKIZUNGUMZA NA MKEWE

"Wanawake wa Tausi wana raha, usiwaone. Kutwa wanaimba. Leo wameimba hata wakati wa kula. Nami nimejikuta natingisha mguu."


12

UJUMBE WA SAUTI, KUTOKA KWA WIFI KACHE

"Wifi, nina habari njema. Leo amekunywa chupa yote. Hakulia. Na jana hakulia. Ameanza kuniita kwa sauti ile yake ya kukuitia wewe, lakini nimemwambia mimi ni shangazi, aache. Keshokutwa unatoka, eh? Nimeshafua ile kanga yako ya zambarau aione. Tutakuja getini mapema. Ila wifi, ukitoka ishushe hiyo barakoa kidogo ukiwa mbali, akuone uso wote. Hapa mtaani watu wote anawaona macho tu, akikuona hivyo hatakujua."

Nimeusikiliza mara nane. Habari njema imenichoma kuliko zile mbaya.


13

Saa nane mchana, jua kali, bati linalia. Bi Mwaka hawezi tena kulala chali. Tumemwegemeza ukutani kwa mito mitatu. Anasema neno, anapumzika, anasema la pili. Kucha zake zimebadilika rangi. Nimezikagua mara nyingi, nikijiambia labda ni kivuli.

"Kesho asubuhi tunatoka," anasema Mama Pendo. "Akishavuka geti anapelekwa hospitali moja kwa moja. Mimi mwenyewe nitamshika mkono."

"Kesho ni mbali," nikasema.

"Dama. Wewe ndiye una mtoto. Wewe ndiye ulipaswa kutufunga midomo sisi."

Ndivyo. Hapo hakukosea.

"Wakija leo wanaandika moja," akasema yule wa kitanda cha sita. "Moja. Umesahau?"


13

Wewe unayesoma, mlango uko wazi kwako, unaweza kuifunga karatasi hii ukaenda kuteka maji. Sisi hatuwezi. Basi kaa nasi dakika moja. Usiseme haraka kwamba wewe ungeita. Hata mimi siku ya kwanza ningesema hivyo. Hebu kwanza hesabu: tisa, na kumi na tatu. Kisha mweke mtoto wako mkononi mwa mtu mwingine siku hizo zote, akianza kumzoea. Kisha


13

Nikapanda kitandani kwake, nikapiga magoti. Nikamuuliza Bi Mwaka mwenyewe.

"Bibi, niite watu?"

Akatikisa kichwa.

"Kesho," akasema. Akapumzika. "Mtoto."

"Mtoto ananyonya chupa sasa, bibi. Hana shida."

Akanitazama. Hata mgonjwa anajua ukimdanganya kwa jambo la kweli. Akanyoosha mkono, nikadhani anataka maji, kumbe anakigusa kikombe changu kilichokuwa kwenye ukingo wa dirisha. Saa ile ya kukamua ilikuwa imepita nami nimesahau. Akakisukuma kuelekea kwangu kwa kidole kimoja.

"Kamua," akasema.

Nikashindwa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata mbele ya mama yangu. Mtu hana pumzi, na pumzi iliyobaki anainunulia maziwa ya mwanangu.

Nikaenda dirishani.


13

Dirisha la bweni lina nondo. Kibanda cha mlinzi kiko getini, na kati yetu ni uwanja mzima wa gwaride.

"Afande."

Sauti ikanirudia mdomoni, moto, ndani ya kitambaa.

"Bwana Mwadime."

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amegeuka upande, mguu mmoja unatingishika. Nyuma yangu Mama Pendo alikuwa ameanza kuimba. Wengine wakaitikia. Waliimba kwa nguvu kuliko siku zote, na mmoja wao alikuwa analia huku anaimba, nikamsikia. Mikono ikanishika gauni kwa nyuma. Haikunivuta. Ilinishika tu.

Nikainua mkono sikioni, nikaufungua uzi. Nikaishusha barakoa hadi kidevuni, kama siku ile ya makaa. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo




1

UJUMBE WA SAUTI, KUTOKA KWA WIFI KACHE, SAA NANE NA NUSU MCHANA

"Wifi, tumeshindwa kungoja kesho. Tuko hapa nje, ng'ambo ya barabara, kando ya ubao wa shule. Nimemwinua juu akuone. Naona dirisha moja limejaa watu, na mmoja wao hana barakoa. Ni wewe? Kama ni wewe punga mkono. Kahindi amenyamaza, anaangalia huko huko. Wifi, anacheka. Amekujua. Lakini mbona unapiga kelele? Mlinzi anakimbia. Kuna nini huko? Wifi, punga mkono basi, anakunyooshea"